SAFARI YA BUKINI

(Maongezi yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Tulipoagana nanyi kabla ya likizo yetu, wengi wenu mlituuliza kwa nini watu wanne, makarani wa mshahara wa kadiri, wakusanye akiba yao ya miaka mitatu waende kuitumia Bukini. Wengine mlisema kwamba fedha ile ingalitosha kuezeka nyumba kwa mabati. Swali lile lilikuwa la haki, na maongezi ya leo ndiyo jibu lake. Twaomba mtuvumilie mpaka mwisho, kwani jibu lenyewe hatukulipata ila siku ya mwisho ya safari, nalo halikutufurahisha.

Bukini ndilo jina ambalo wazee wa pwani yetu waliita nchi iandikwayo Madagaska katika ramani, na watu wake waliwaita Wabuki. Ni kisiwa, lakini mtu asidhani kuwa ni kisiwa kama Unguja au Mafia. Eneo lake ni kilometa za mraba 587,000 hivi, na mlango wa bahari ukitengao na bara yetu una upana wa kilometa 400 hivi mahali palipo pembamba kabisa. Wafaransa walikifanya koloni lao mwaka 1896, na uhuru ukapatikana tarehe 26 Juni 1960. Sisi hatukuweza kukizunguka chote. Tulifuata barabara moja tu, iitwayo Barabara ya Taifa ya 7, itokayo Antananarivo, mji mkuu ulio juu ya vilima vya katikati, hata Toliara kwenye bahari ya kusini-magharibi. Mwendo wake wapata kilometa 950. Tulikodi motakaa pamoja na dereva, mtu mzima mwenye adabu, aliyejua Kiingereza kiasi cha kutufasiria.

Jambo la kwanza lililotushangaza lilikuwa lugha. Wataalamu wametuonyesha kwamba lugha ya Wabuki ni jamaa ya lugha za Indonesia, hasa zile za kisiwa cha Borneo, maana wazee wao wengine walivuka bahari kuu yote ya Hindi kuja huku. Basi tulitazamia kutosikia neno hata moja la kwetu. Lakini asubuhi ya kwanza tuliona kuku barabarani, dereva akasema, "Akoho." Mbele kidogo akapita ng'ombe, akasema, "Omby." Mbwa akamwita "amboa." Majina ya wanyama hao yalitoka katika lugha za Kibantu za upande wetu, pamoja na watu waliowavusha wanyama wenyewe. Tena tulipomwuliza siku za juma, alitaja talata, alarobia, alakamisy na zoma. Mmoja wetu alicheka akasema, "Bwana huyu anatusomea kalenda ya msikitini." Kweli, majina hayo yametoka katika Kiarabu kama Alhamisi na Ijumaa zetu. Tangu saa ile hatukujiona wageni kamili.

Nchi ya juu ni nchi ya udongo mwekundu na mpunga. Mabonde yote yamekatwa ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ina maji. Nyumba ni za matofali, nyembamba na ndefu kwenda juu, na kwa desturi madirisha na milango huelekea magharibi. Pembe ya kaskazini-mashariki ndani ya nyumba ni mahali pa heshima, pa kukumbukia wazee waliokufa. Makaburi nayo hujengwa kwa mawe, imara kuliko nyumba za walio hai. Mmoja wetu aliona kaburi zuri kando ya njia akalinyoshea kidole. Mara dereva alimshika mkono, akamkunja kidole kile taratibu, wala hakusema neno mpaka tulipopita. Kisha alitueleza kuwa ni fady, yaani mwiko, kunyoshea kaburi kidole. Tulimwomba radhi, naye akajibu kwamba mgeni hana kosa kwa jambo asiloambiwa, bali akiisha kuambiwa anayo deni.

Mji wa Ambatolampy, mwendo wa kilometa 70 hivi kutoka mji mkuu, wajulikana kwa sufuria za alumini. Vipande vya injini mbovu na kila takataka ya alumini huyeyushwa juu ya moto wa makaa. Fundi huandaa kalibu ya udongo uliochekechwa na kuchanganywa na unga wa makaa, akaushindilia kwa miguu mitupu mpaka ukashikamana. Hutoa sufuria ya mfano kwa uangalifu, nafasi ikabaki, humo akamimina alumini iliyo kama maji. Punde kidogo huvunja udongo, na sufuria mpya imezaliwa. Udongo ule ule huchekechwa tena kwa sufuria ya pili. Hakuna kipimo kilichoandikwa popote. Tulimwuliza fundi ajuaje kwamba alumini imeiva, akajibu kwamba huitazama rangi yake.

Kutoka hapo tulifika Antsirabe, mji wa baridi ulio juu yapata meta 1,500, wenye chemchemi za maji ya moto. Jina lake maana yake ni mahali penye chumvi nyingi. Katika mji huu Sultani Mohammed V wa Moroko aliwekwa na Wafaransa alipohamishwa kwa nguvu kutoka nchi yake. Aliletwa Madagaska mwaka 1954, akarudi kwao mwaka 1955 akiwa mshindi. Njia za mji zimejaa magari madogo ya magurudumu mawili yavutwayo na mtu. Sisi tulikataa kupanda, tukasema ni aibu kumfanya mwenzetu kuwa punda. Mvutaji mmoja alituuliza, kwa heshima kabisa, kama huruma yetu huliwa na wali au na mihogo. Tulipanda.

Karibu na mji huo dereva alitupeleka kijijini kwa jamaa zake, kwa kuwa ulikuwa mwezi wa Agosti, na katika miezi ya baridi watu wa nchi ya juu hufanya famadihana. Hii ndiyo desturi ya kulifungua kaburi la ukoo, kuwatoa waliokufa zamani, kuwavika nguo mpya za hariri na kuwarudisha. Wengi wenu mtashtuka, kama tulivyoshtuka sisi tuliolelewa katika shule za misioni. Tulitazamia vilio, tukakuta zumari, ngoma, wali na nyama, na watoto wakiruka. Bibi mmoja alikuwa amekaa na mzigo uliofungwa katika hariri mapajani, akisema nao kwa sauti ndogo kama mtu atoaye habari za nyumbani.

Mwenye shughuli alikuwa karani wa serikali kama sisi. Tulimwuliza gharama, naye hakuficha: alikopa, na mshahara wake ungekatwa miezi kumi na minane. Tukamwambia, kwa ujuvi wetu, kwamba fedha ile ingelipa karo za watoto. Akajibu hivi: "Mabwana, ndugu zangu wamo katika miji minne. Watoto wao hawajui majina ya watoto wangu. Leo wamekuja wote, na kila mmoja ameonyeshwa mahali pake. Nitajieni shule ifundishayo somo hilo, nami nitalipa karo yake." Hata huko kwao yapo makanisa yasiyoipenda desturi hii, na wapo watu waionao kuwa ni mzigo kwa maskini. Sisi tulimhurumia kwa deni lake, wala hatukuona kwamba amesema uwongo. Tulitoka pale bila hukumu.

Upande wa kusini zaidi uko mji wa Ambositra, nyumbani kwa wachongaji. Ufundi wao wenyewe ni wa watu waitwao Wazafimaniri, wakaao milimani mashariki ya mji, katika vijiji na vitongoji kama mia ambavyo vingi hufikiwa kwa miguu. Wazee wao walihamia msituni katika karne ya 18 kwa sababu miti ilikuwa ikiisha mahali pengine. Hutumia aina za miti zipatazo ishirini, kila aina kwa kazi yake. Nyumba zao hujengwa kwa mbao tupu bila msumari, ulimi wa ubao huu ukiingia katika tundu la ubao ule. Kuta na madirisha huchongwa nakshi ambazo kila moja ina maana: utando wa buibui ni kifungo cha jamaa, na sega la nyuki ni maisha ya kijiji kizima. Mwaka 2003 UNESCO ilitangaza ufundi huu kuwa ni hazina ya wanadamu, na mwaka 2008 ukaandikwa katika orodha yake.

Lakini tangazo halioti majani. Watu hawa waliokimbia uhaba wa miti, uhaba umewafuata, na miti migumu ya kujengea nyumba imekuwa ya kutafutwa mbali. Tuliona sanduku dogo lililochongwa kwa ustadi likiuzwa kwa bei ya chakula cha siku moja. Mmoja wetu alitaka kupunguziwa bei, akaona haya, akalipa.

Fianarantsoa ni mji ulioanzishwa mwaka 1830 kwa amri ya Malkia Ranavalona wa Kwanza, na maana ya jina lake ni mafundisho mema. Tulipendezwa nao kwa makanisa yake, shule zake, na mji wa zamani ulio kilimani. Hapo ndipo ianzapo reli iteremkayo hata Manakara pwani ya mashariki, kilometa 163. Abiria akitazama dirishani asisahau jinsi ilivyojengwa. Mwaka 1926 serikali ya Kifaransa iliweka utaratibu wa kuwatwaa vijana walioandikishwa jeshini ambao hawakuhitajiwa kwa silaha, wakapelekwa kufanya kazi za umma. Reli ile ilijengwa tangu mwaka 1926 hata 1936, na vijana hao walikuwa miongoni mwa waliopasua miamba yake. Kazi ya kulazimishwa ilikatazwa kwa sheria mwaka 1946 katika makoloni yote ya Ufaransa. Mwaka uliofuata, tarehe 29 Machi 1947, Wabuki waliinuka kupigana na utawala ule, nao ukawazima kwa mauaji makubwa. Twayasema haya kwa sababu sisi makarani ndio tuandikao orodha za watu. Kila orodha huandikwa na kalamu ya mtu fulani.

Siku ya Jumatano tulikuwa Ambalavao, maana hiyo ndiyo siku ya mnada wa ng'ombe, na wachungaji hutembea siku nyingi kuwaleta. Lakini kilichotushika kilikuwa karatasi. Wantaimoro, kabila la pwani ya kusini-mashariki, waliandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya misioni, kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili. Maandishi hayo huitwa sorabe, yaani maandishi makubwa. Karatasi yake hutengenezwa kwa gamba la mti mdogo uitwao avoha. Gamba huchemshwa kwa muda mrefu, hupondwa kwa nyundo za mti, huvurugwa katika maji, kisha huenezwa juu ya kitambaa kilichowambwa na kuanikwa juani. Siku hizi wanawake hutia maua mabichi juu yake, karatasi ikauzwa kwa wageni kuwa pambo. Sisi tushikao karatasi kila siku ya maisha yetu tulisimama pale kama watoto, kwa kuwa hakuna hata mmoja wetu aliyepata kufikiri kwamba karatasi hutengenezwa kwa mikono.

Kilometa chache kusini ya Ambalavao pana mahali paitwapo Anja, penye majabali makubwa na msitu mdogo chini yake. Humo hukaa wanyama wa jamii ya komba, wenye mkia wa pete nyeupe na nyeusi, waitwao maki. Zamani si nyingi msitu ule ulikuwa ukimalizika. Wanakijiji walifanya chama chao, wakaushika msitu kwa kanuni walizoziweka wenyewe. Hupanda miti, huongoza wageni kwa zamu, na ada ya kuingia hutumiwa kwa mambo ya kijiji, pamoja na masomo ya watoto. Mwaka 2012 chama hicho kilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mabwana na Mabibi, tulifikiri juu ya chama chetu wenyewe. Wale ni wakulima wa mpunga. Hawana mwandishi wa kumbukumbu mwenye cheti, lakini wana msitu, na msitu una komba.

Baada ya Ihosi nchi ilibadilika tena. Uwanda wa Horombe ni majani matupu hata macho yachoke, nchi ya Wabara na ng'ombe wao. Zamani kijana alionyesha uanaume kwa kuiba ng'ombe. Leo wizi huo umekuwa wa magenge yenye bunduki, kwa hiyo dereva wetu alikataa katakata kusafiri usiku. Mbele yake yako majabali ya Isalo, yaliyochongwa na mvua na upepo kwa namna za ajabu, nayo yamekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1962. Ndani ya mapango yake Wabara huweka wafu wao. Halafu, kwa ghafula, ukaja mji wa Ilakaka. Kabla ya mwaka 1998 palikuwa na vibanda vichache tu. Mwaka huo iligunduliwa yakuti samawi, na maelfu wakamiminika kuchimba. Tuliona vijana wakiteremka katika mashimo membamba kwa kamba, na wengine wakichekecha mchanga mtoni. Maduka ya kununulia mawe ni ya fahari kuliko kitu kingine chochote mjini.

Hatimaye tulifika Toliara, joto, mchanga na bahari. Pwani hiyo ni ya Wavezo, watu wa uvuvi. Tulipofika ufukoni tulisimama wote wanne kwa mara moja, kwani mbele yetu zilikuwapo ngalawa! Mtumbwi wa mti mmoja, tanga, na matengo ya kuuzuia usipinduke. Tofauti ni kwamba ngalawa yao ina tengo upande mmoja, na ya kwetu ina matengo pande zote mbili.

Miongoni mwetu alikuwamo mwenzetu mmoja ambaye baba yake ni fundi wa ngalawa. Mzee mmoja alikuwa akichonga kwa tezo mti mwepesi uitwao farafatse. Mwenzetu alimwambia kwa furaha, kwa kinywa cha dereva, kwamba yeye ni mwana wa kazi hiyo hiyo. Mzee aliweka tezo chini, akamkaribisha akae, akaanza kuuliza.

"Kwenu matengo ni mawili. Kwa nini mawili?"

Mwenzetu hakujua.

"Huyafunga kwa kamba au kwa misumari?"

"Kwa kamba, mzee."

"Fundo gani?"

Mwenzetu alichukua kamba aliyopewa, akaizungusha mara mbili juu ya mti, mkono ukasimama. Alijaribu tena. Sisi tulitazama baharini ili tusimtazame yeye. Mwishowe alisema, "Mzee, mimi nilipelekwa shule."

Mzee hakucheka. Alisema, "Wangu naye yuko Ilakaka, anachimba mawe." Kisha akaongeza kuwa hata miti ya farafatse sasa huletwa kutoka mbali. Alichukua tezo yake, akaendelea na kazi.

Basi hilo ndilo jibu tulilopata, ndugu wanachama. Tulikwenda mwendo wote ule tukistaajabia kazi za mikono ya watu, tukaandika vitabu vyetu vya safari vikajaa. Twaweza kuwaeleza jinsi ya kufua sufuria ya Ambatolampy. Lakini alipotuuliza mtu habari za kwetu, hatukuwa na la kujibu. Wala si mwenzetu yule peke yake. Njiani kurudi tuliulizana: mama yako aliichovya ukindu katika rangi gani? Babu yako alijuaje kuwa chuma kimeiva? Kila mtu alinyamaza kwa zamu yake.

Mwenzetu alizimaliza siku nane za likizo zilizosalia kwa baba yake. Alichukua daftari ili aandike. Mzee alimwambia kwamba fundo haliandikiki, akamtia kamba mkononi. Twawaarifu kuwa sasa aweza kulifunga, ingawa baba yake hulifungua na kulifunga upya. Tena alijifunza kwa nini matengo ni mawili: kwa sababu ngalawa ya kwetu hupindua tanga ikageuka huku na huku katika pepo za pande zote, nayo yataka mkono wa kuiegemea kila upande.

Hatukuja kuwaambia kwamba kalamu ni mbaya. Kalamu ndiyo itulishayo. Wala hatusemi mtoto wa karani aache shule akachonge mitumbwi. Twaomba mambo mawili tu. La kwanza, kila mwanachama aendaye likizo achague kazi moja ijuliwayo na mzee mmoja wa kwao, akae chini ajifunze kwa mikono, kisha aandike kwa majina yake halisi ya vyombo na namna, na gazeti hili dogo la Chama limpe ukurasa mmoja. Kila toleo kazi moja. La pili, jambo hili lisingoje mkutano mkuu wa mwaka, maana wazee hawangoji mikutano yetu.

Fundo la ngalawa litakuwa la kwanza. Mwandishi wake amekwisha ahidi, naye ameomba nafasi ya picha, kwa kuwa baba yake alisema kweli: kwa maneno halifungiki.